Kumpeleka mtoto shamba la maboga Minnesota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Septemba ikikaribia kwisha, jumbe za sauti huanza kuingia: "Mama nanii, lile shamba mlilokwenda mwaka jana liko wapi, na mtoto avae nini?" Nimejibu miaka mingi mpaka nikaona heri niandike. Majibu haya ni ya familia zetu zinazoishi Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake, zenye watoto wa kama miaka 2 hadi 7. Walio Ohio au Iowa watapata mengi ya kuwafaa, ila tarehe zao zitasogea mbele kidogo.

## Mambo ya mwanzo

Shamba la maboga ni nini hasa? Si tununue tu boga dukani?

Dukani mtapata, tena mara nyingi kwa bei nafuu zaidi. Shambani hulipii boga peke yake. Unalipia trekta linalokokota trela lenye marobota ya majani makavu, mbuzi wa kulishwa kwa mkono, mzingile (njia za kupoteana) uliokatwa katikati ya mahindi marefu, na uwanja mpana ambao mtoto anaweza kukimbia bila kuambiwa "shuka kwenye kochi".

Mashamba haya hayafanani. Kuna mkulima wa kweli mwenye ekari zake za maboga, ghala na mizani basi. Na kuna mahali palipogeuzwa uwanja wa michezo, ambapo boga ni kisingizio tu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 mimi humpeleka kwa yule wa kwanza. Bembea zipo bustanini mtaani kwetu, tena bure.

Kwa nini wenyeji wanahangaika hivi na boga ambalo wengi wao hawalili?

Kwetu boga ni chakula. Wapwani hulipika kwa nazi kwenye futari, Wakenya huliita malenge na kulila na chai, na majani yake ni mboga. Huku boga kubwa la rangi ya machungwa huchongwa uso, likatiwa taa na kuwekwa mlangoni usiku wa Halloween, tarehe 31 Oktoba. Desturi ya kuchonga uso ililetwa na wahamiaji wa Kiayalandi, ambao kwao walikuwa wakichonga aina ya figili kubwa, tanipu. Walipofika Marekani wakakuta boga, kubwa na laini kuchonga, tanipu ikasahauliwa.

Minnesota ina kiburi chake katika jambo hili. Mji wa Anoka, kaskazini ya Minneapolis, hujiita makao makuu ya Halloween duniani. Maandamano yake yalianza mwaka 1920, wakubwa wa mji walipochoshwa na vijana waliokuwa wakifungulia ng'ombe barabarani usiku huo. Mtu wa Anoka hiyohiyo, Travis Gienger, mwaka 2023 alisafirisha boga lake hadi mashindano ya Half Moon Bay, California, likapimwa kilo 1,247, rekodi ya dunia kwa wakati huo. Mwambie mtoto kwamba ni uzito wa gari dogo, kisha umuone anavyoyatazama maboga ya shambani kwa dharau.

Twende lini?

Mashamba mengi hufunguliwa katikati au mwishoni mwa Septemba na kufungwa Oktoba ikiisha. Wiki mbili za kwanza za Oktoba ndizo ninazozipenda: majani ya miti yamegeuka rangi, maboga bado mengi, na baridi haijawa ya kuumiza.

Epukeni Jumamosi mchana. Epukeni pia Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya tatu ya Oktoba, shule zinapofungwa kwa yale mapumziko watu wanayoyaita MEA. Siku hizo nusu ya jimbo iko kwenye foleni ya trela. Kama kazi yako ni ya zamu na una asubuhi ya katikati ya wiki, hiyo ni bahati. Piga simu kwanza, maana baadhi ya mashamba hufunga siku za wiki au hupokea shule tu.

Neno moja kwa wageni: hii wanayoiita vuli huku si vuli yetu ya mvua. Ni majira ya majani kupukutika, jua kali lisilo na joto.

Tukae muda gani?

Saa mbili. Mtoto mdogo akizidisha hapo, kilio chake utakisikia hadi nyumbani. Fika pakifunguliwa, panda trela, chagua boga, lisha mbuzi, ondoka kabla ya usingizi wa mchana.

## Gharama

Inagharimu kiasi gani?

Siwezi kukupa bei moja, kila shamba lina yake na hupanda kila mwaka. Uliza mambo matatu kabla ya kutoka: kiingilio ni cha kila mtu au cha gari? Trela na mzingile vimo ndani ya kiingilio? Na boga linauzwa kwa ukubwa au kwa ratili? Watoto wa chini ya miaka 2 mara nyingi huingia bure, na siku za wiki huwa nafuu.

Hilo la ratili ndilo linalowaumiza wengi. Ratili moja ya huku ni karibu gramu 454, na boga ni maji matupu, kama asilimia 90. Boga ambalo mtoto amelikumbatia na kukataa kuliachia linaweza kufika ratili 25 bila wewe kujua. Kwetu sheria ni moja: boga lako ni lile unaloweza kulibeba mwenyewe hadi kwenye mizani bila kuliangusha. Mtoto wa miaka 4 hujipunguzia gharama mwenyewe.

Kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, inakubalika?

Kwa kiingilio, hapana. Kwa boga lenyewe inawezekana, kwa sababu maboga yanayoliwa yamo kwenye vyakula vinavyoruhusiwa na SNAP, ndio mpango wa msaada huo. Yasiyoruhusiwa ni vibuyu na maboga ya mapambo tu. Lakini lazima shamba liwe limesajiliwa kupokea kadi hiyo, na mengi hayajasajiliwa. Uliza kwenye simu ileile ya swali lililotangulia.

Hatuna gari. Tutafikaje?

Mabasi hayafiki mashamba mengi. Familia zetu huungana, magari mawili, mafuta mnachangiana. Ukipewa lifti, beba kiti cha mtoto cha gari hata kama safari ni ya dakika 20 na dereva ni shemeji yako.

## Mavazi na mizigo

Mtoto avae nini?

Katikati ya Oktoba asubuhi inaweza kuwa nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, na kufika saa saba mchana ikawa 14. Mvishe tabaka: fulana ya mikono mirefu, sweta, na koti ambalo halitakuuma roho likichafuka. Kofia ya kufunika masikio. Miguuni gambuti, na soksi za sufu ndani, kwani gambuti peke yake ni jokofu.

Nguo za Idi au za kanisani ziacheni nyumbani. Najua mnataka picha. Piga picha ya kwanza kabla hajashuka kwenye gari, nyingine zote zitakuwa na tope.

Nichukue kigari cha mtoto?

Kama kina magurudumu makubwa, sawa. Vile vidogo vya kukunja huzama kwenye udongo laini na utajikuta unakibeba kigari na mtoto pamoja. Mimi hutumia kanga: mdogo mgongoni, mikono iko huru, joto linatosha. Kuna mwaka bibi mmoja wa Kizungu alisimama kunitazama ninavyomfunga mtoto mgongoni, akaniuliza ninaweza kumfundisha binti yake. Tukakaa kwenye robota dakika 10, kanga yangu ikizunguka kwa watu.

Toroli kubwa la kukokotea maboga lipo shambani. Watoto hulipenda kuliko maboga.

Kingine cha kubeba?

Pampasi na nguo kamili za kubadili, mfuko wa plastiki wa nguo zenye tope, chupa ya uji au chai ya maziwa, tishu za maji, pesa taslimu kidogo kwa chakula cha mbuzi. Vyoo mara nyingi ni vile vya plastiki vya kuhamishika, na watoto wengine huviogopa. Msaidie mtoto kujisaidia kabla ya kutoka nyumbani.

## Mkiwa shambani

Boga zuri linachaguliwaje?

Tazama kikonyo kwanza. Kiwe kigumu, kikavu, hakijavunjika, maana boga lisilo na kikonyo huanza kuoza pale lilipovunjikia. Bonyeza ganda kwa ukucha: ukucha ukizama, halijakomaa. Ligeuze uone chini, ambako doa laini hujificha. Na usilibebe kwa kikonyo hata kama kinaonekana kama mshikio. Shika chini kwa mikono miwili.

Mwisho ligonge kwa kidole, lililoiva hutoa mlio wa uwazi. Binti yangu nilimfundisha hivyo akiwa na miaka 3. Akachuchumaa mbele ya boga moja la kijani upande mmoja, lililopinda kama limelaliwa, akagonga mara mbili akasema, "Hodi!" Akatega sikio. Akagonga tena. Watu wakapita na matoroli yao, mtoto bado anasubiri kukaribishwa. Ndilo tulilonunua, na lile pinda likatulazimu kuliegemeza kwa jiwe mwezi mzima.

Kwa nini mengine yamelala tu kwenye nyasi, hayana shina wala majani?

Mmea wa boga hupandwa mwishoni mwa Mei au Juni na huchukua kama siku 90 hadi 120 kuiva. Ikija sakitu, ule umande unaoganda alfajiri, majani hunyauka na kuwa meusi kwa usiku mmoja, kwa hiyo Oktoba shamba huonekana kama limekufa na maboga yamebaki. Hilo ni la kawaida. Lakini mashamba mengine huleta maboga kwa lori na kuyapanga uwanjani. Si kosa, ila kama unataka mtoto aone boga likiwa bado kwenye shina lake, uliza, na uende mapema.

Mbuzi na kondoo: ni salama kuwagusa?

Ni salama kwa sharti la sabuni. Wanyama wenye afya kabisa wanaweza kubeba vijidudu kama E. koli, na watoto wa chini ya miaka 5 ndio wanaougua vibaya zaidi. Mkitoka zizini, nawisheni kwa maji yanayotiririka na sabuni. Jeli ya mkononi ni ya dharura tu. Chuchu ya bandia, chupa na vitafunio visiingie zizini kabisa. Mtoto aliyezoea kunyonya kidole mbebe.

Lile bwawa la punje za mahindi?

Ni sanduku kubwa lililojazwa mahindi makavu badala ya mchanga. Watoto hulipenda sana. Wangu alipokuwa na miaka 2 na nusu aliingiza punje moja puani, na nilijua kwa sababu alinyamaza ghafla. Nilimziba tundu la pili nikamwambia apenge kwa nguvu, ikatoka. Isingetoka ingekuwa hospitali. Usichokoe kwa kibano wala kidole, utaisukuma ndani, na usimwagie maji puani kwa sababu punje kavu huvimba ikilowa. Kwa aliye chini ya miaka 3 sasa napita bwawa hilo kama silioni.

Mzingile wa mahindi unafaa mtoto mdogo?

Ule mkubwa, hapana, mtabebana njiani. Mashamba mengi yana mdogo wa marobota ya majani ambao mtoto anaona juu. Na jihadharini: baadhi ya mizingile jioni hugeuzwa kuwa ya kutisha, watu waliovaa vinyago wakirukia wapitao. Nyinyi ondokeni mchana.

Mtoto ana pumu au mzio.

Vumbi la majani makavu linaweza kumwamsha kifua. Beba dawa yake ya kuvuta mfukoni mwako, usiiache garini, na kaeni upande wa nyuma wa trela, mbali na moshi wa trekta. Siku baada ya mvua huwa na vumbi kidogo.

## Chakula, dini na desturi

"Apple cider" ina pombe?

Marekani neno hilo peke yake ni juisi ya tufaha isiyochujwa, haina pombe. Yenye pombe huitwa "hard cider", na mashamba mengine huuza zote mbili kwenye dirisha moja, kwa hiyo sema wazi. Kwa mtoto mdogo na kwa mama mjamzito uliza pia kama imepashwa moto kuua vijidudu. Mbichi isiyopashwa si yao.

Waislamu muwe macho na mambo mawili zaidi: donati zinaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na zile peremende laini nyeupe za kuchoma motoni kwa kawaida zina jelatini ya nguruwe. Wauzaji hawakasiriki wakiulizwa.

Kwenda huko si kusherehekea Halloween?

Swali hili naulizwa na Waislamu na walokole kwa idadi ileile. Mimi naona shamba ni mavuno. Mtoto anapanda trekta, anagusa udongo, anajua boga halioti dukani. Mashamba mengi ya familia hayana hata mfupa mmoja wa plastiki, mengine yamejaa mizimu ya kitambaa tangu getini. Tazama picha zao kabla, chagua linalokutuliza moyo. Nyumbani kwetu hatuchongi. Tunaweka boga barazani likiwa zima, kisha tunalila. Jirani yetu anachonga nyota na mwezi. Mama mkwe wangu hataki kulisikia kabisa, naye namheshimu.

Shule imetuma fomu ya safari ya shamba la maboga. Nisaini?

Ukikubali, saini mapema na urudishe; bila saini mtoto hubaki shuleni siku hiyo. Andika mzio na vyakula asivyokula. Unaweza kuomba kuwa mzazi wa kusindikiza, ila shule nyingine hukagua rekodi zako kwanza na hilo huchukua siku. Usipotaka aende kwa sababu ya dini, sema tu kwa adabu, walimu wamezoea. Mavazi ni yaleyale niliyotaja hapo juu.

## Mkirudi nyumbani

Boga hili kubwa linalika?

Linalika, lakini litakuvunja moyo. La kuchonga lina nyuzi na maji mengi, utamu ni kidogo. La kupika uliza lile dogo la mviringo wanaloliita boga la sukari, au kabocha, lenye ganda la kijani kizito. Kabocha ndilo linalonikumbusha boga la nyumbani: kavu, la unga, linakwama kidogo kooni kama inavyopaswa. Hata boga la makopo linalouzwa huku, ambalo kwa wingi hutoka Illinois, halitokani na hilo la kuchonga.

Kata vipande vikubwa na ganda lake, chemsha kwa maji kidogo mpaka karibu kuiva, mimina tui zito, sukari, hiliki na chembe ya chumvi, acha tui likauke juu ya vipande. Mtoto aliyekataa supu ya boga shuleni atakula hili kwa mkono.

Vile vibuyu vidogo vya mapambo vyenye vinundu na mistari usivipike. Vingine vina uchungu ambao ni sumu, huleta matapishi na kuhara. Boga lolote likiwa chungu ulimini, tema, usijaribu kulifunika kwa sukari.

Naweza kuchuma majani ya maboga nikiwa huko?

Nilijua mtaniuliza. Oktoba mmechelewa, sakitu imeshayaua. Halafu wakulima hupiga dawa za ukungu, ule unga mweupe unaopaka majani, na shamba si lako. Ukitaka majani, nenda Julai au Agosti, ongea na mkulima mdogo, muulize amepiga nini na lini. Mmoja aliniangalia kana kwamba nimeomba kula ua lake, kisha akaniambia chukua. Safari iliyofuata nilimpelekea bakuli la majani yaliyomenywa nyuzi na kuungwa kwa karanga. Siku hizi hunipigia simu yeye.

Litakaa muda gani?

Zima, mahali pakavu na baridi ya kadiri, hukaa miezi miwili au zaidi. Likishachongwa hesabu siku chache, wiki ikizidi sana. Barazani kukianza kuganda usiku liingize, kwani likiganda na kuyeyuka hulegea kama sponji. Kama kuna mtoto ndani ya nyumba, tumieni taa ndogo ya betri badala ya mshumaa, na kisu kiwe mikononi mwa mkubwa. Kazi ya mtoto ni kuchota utumbo wa boga kwa kijiko, nayo inamtosha.

Limeoza. Nalitupa wapi?

Kwenye pipa la taka za jikoni kama wilaya yenu inalo, au mboji. Usilitupe msituni. Wenye mbuzi wakati mwingine huyapokea baada ya Halloween, mradi hayana rangi wala nta.

Mtoto anataka kupanda mbegu zake.

Zioshe, zianike juu ya karatasi wiki mbili, zihifadhi kwenye bahasha. Mengi ya maboga haya ni chotara, kwa hiyo litakaloota huenda lisifanane na mama yake. Panda nje wiki ya mwisho ya Mei, udongo ukishapata joto. Maua ya kwanza yatakuwa ya kiume na yataanguka. Mwambie mtoto asilie, ya kike yenye kaboga kadogo chini yake yanakuja, na hufunguka alfajiri nyuki wakiwa kazini.

Na za kumpelekea bibi yake nyumbani?

Si ndani ya sanduku kimyakimya. Kenya, KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, hutaka kibali cha kuingiza mbegu na cheti cha afya ya mimea kutoka huku. Tanzania nayo ina mamlaka yake ya afya ya mimea, TPHPA, yenye masharti ya namna hiyo. Kwa mbegu kumi za mtoto, usumbufu ni mkubwa kuliko zawadi. Binti yangu alimpigia bibi yake simu ya video, akaligonga lile boga pinda mbele ya kamera. Bibi akaitikia, "Karibu!"